Kadi ya kwanza, jina la mwisho

SWALI: Shikamoo mama nesi. Nina mtoto wa miezi tisa, na naishi na mama mkwe mwenye presha. Wote nawapeleka kituo cha afya cha serikali hapa Dar es Salaam. Nadamka alfajiri, naweka kadi mezani, lakini wanaitwa waliofika saa tatu. Nikirudi na majibu ya maabara, benchi zima linanizomea kwamba navuka foleni. Juzi nimeambiwa chanjo ya surua hadi siku nyingine. Nifanyeje bila kuonekana mkorofi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo meza naijua, nimeikalia mpaka nimestaafu. Kadi zinarundikwa: ya kwanza inakuwa chini kabisa, na anayeanza kuita anaokota ya juu. Rundo lingepinduliwa tu kabla ya kuita, nusu ya ugomvi ingekwisha. Basi mwambie mhudumu mapema, "Samahani dada, za chini ndizo zilizotangulia." Majina yakishaanza kuitwa umechelewa, kila mtu ataona unajitetea. Na kama hakuna anayekusanya kadi alfajiri, mwombeni mlinzi agawe vikaratasi vya namba getini. Viwe mikononi mwake, siyo mwa mgonjwa mwenzenu, maana hapo patazuka daftari la pili la majina.

Majibu ya maabara ndiyo yenye ugomvi mkubwa, nami nina msimamo. Aliyetoka maabara alishapanga foleni yake. Kumrudisha nyuma ni kumwonea. Ila wakiingia wote mfululizo, wapya hawataonwa hata saa saba. Aingie mmoja mwenye majibu, kisha mmoja mpya, hivyo hivyo mpaka wapungue. Muuguzi wa mlangoni alitangaze hilo asubuhi, watu wakiwa bado na subira, na libandikwe mlangoni. Wanaozomea wengi hawana roho mbaya. Wameona mlango umefunguliwa kwa mwingine na hakuna aliyewaambia sababu.

Chanjo ya surua: chupa yake kwa kawaida ina dozi 10, na zikipita saa sita tangu ichanganywe haitumiki tena, inayobaki inamwagwa. Ndiyo maana wauguzi wengine hungoja watoto wakusanyike. Lakini mtoto wa miezi tisa asirudishwe nyumbani hivi hivi. Uliza siku gani wanafungua chupa, na tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi yake.

Sasa nisikilize vizuri. Mtoto akipata degedege, akilegea asizinduke, akishindwa kunyonya, akitapika kila anachopewa au akipumua kwa shida, achana na namba. Nenda moja kwa moja kwa muuguzi umtajie dalili yenyewe. Ukisema "mwanangu anaumwa sana" hutasikika, kila mama pale anasema hivyo.

Mama mkwe, kama ametimiza miaka 60, ulizia dirisha la wazee; vituo vingi vinalo. Ulizia pia siku ya kliniki ya presha, umpeleke siku hiyo, usimchanganye na siku ya mtoto.

Umeuliza juu ya kuonekana mkorofi. Mama aliyeamka alfajiri na mtoto mgongoni ana haki ya kuuliza. Kinachoniuma mimi ni mtu kupitishwa mlango wa nyuma kwa sababu anajuana na mhudumu, huku wajawazito wamesimama. Ukiliona hilo usigombane kwenye benchi. Andika tarehe, saa na namba ya chumba, umpelekee mganga mfawidhi. Asipokusikiliza, kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Mwulize mwenyekiti wa mtaa wenu mjumbe ni nani, umpe karatasi hiyo hiyo, na ikiwezekana wawili watatu mlioshuhudia muende pamoja.