Hela ya fildi na safari za kongamano kwa mnaoanza sedimentolojia

Wadogo zangu mnaoanza mastazi au PhD ya mambo ya mchanga na matope, swali mnaloniuliza ni lilelile, "kaka, skolashipu zipo?" Zipo, ila hapo mnaanzia pagumu. Kwenye fani yetu hela inayopatikana kwa unafuu ni ile ndogo ndogo, ya kukupeleka fildi au kulipia vipimo vya maabara, na watu wengi wa huku hawaiombi kabisa kwa sababu wanaona ni ya kitoto. Mimi nasema anza na hiyohiyo, maana ukishapata moja CV yako inaanza kusomeka tofauti.

Chama cha kwanza kukijua ni IAS, chama cha kimataifa cha wanasedimentolojia, kipo tangu 1952. Wanafunzi wa PhD wamekuwa wakipewa ruzuku ya kama euro 1,000, maombi yanapokelewa mara mbili kwa mwaka na dedilaini zake huwa mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba, ila angalieni tovuti yao kila mwaka maana tarehe hizi zinasogezwa. Lazima uwe mwanachama. Ada ya mwanafunzi ni ndogo, kwahiyo jiunge leo, usingoje wiki ya dedilaini ndio uanze kugombana na kadi yako ya benki inayokataa kulipa mtandaoni. Halafu kuna jambo walimu wenu huenda hawajui, IAS hiyohiyo imekuwa na ruzuku ya idara nzima kwa nchi zilizo nyuma kiuchumi, kwa ajili ya vifaa vya kufundishia na utafiti. Mwambie mkuu wa idara, kwa adabu, na ukiweza mpelekee fomu imeshaprintiwa.

Wa mastazi waangalie AAPG Foundation, mfuko wa chama cha wanajiolojia wa petroli cha Marekani, wamekuwa wakitoa kati ya dola 500 na 3,000, hufungwa kama Februari, na wanapendelea kabisa wa mastazi. Mada iwe na uhusiano na petroli, nishati au mazingira yanayoguswa na hivyo, ambayo kwa anayesoma mabonde ya mafuta na gesi kama Ruvuma, Mandawa au Albertine sio kazi ngumu. Dada zangu mnaotaka PhD msipite bila kuangalia OWSD, shirika la wanasayansi wanawake, na Faculty for the Future ya Schlumberger Foundation, zote ni za wanawake wa nchi zinazoendelea.

Sasa andiko la kuombea hela. Hapa ndipo wengi mnaangukia na sio kwa sababu ya kiingereza. Mtu anaandika "nitachunguza sedimentolojia ya delta ya Rufiji" halafu anaweka kurasa mbili za historia ya delta. Anayesoma ana maandiko mengi mezani, anatafuta swali na halioni. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lilianza kujazwa maji Desemba 2022, kwahiyo uliza kitu kinachopimika, mfano je, tope linalotua kwenye mifereji ya delta limekuwa laini zaidi tangu bwawa lianze kushika mchanga huko juu? Hapo msomaji anajua utachukua kora fupi, yaani mche wa tope uliotolewa kwa bomba, utapima ukubwa wa chembe, utalinganisha tabaka la juu na la chini yake, na utahitaji kitu cha kukupa umri wa tabaka, na ukisahau hicho cha mwisho atakuuliza yeye.

Bajeti nayo iwe ya mtu aliyefika. Usiandike "usafiri dola 400" ukanyamaza. Andika boti kutoka Nyamisati kwa siku pamoja na mafuta, mwenyeji wa kijijini anayejua mfereji upi unakauka maji yakitoka, mabomba ya PVC ya kuchukulia kora, mifuko ya sampuli, gharama ya kila kipimo maabara. Mikoko ni hifadhi chini ya TFS, wakala wa misitu Tanzania, kwahiyo kibali chake weka kama mstari wa bajeti na pia kama wiki kwenye ratiba. Kama sampuli zitaenda kupimwa nje, uliza mapema COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na Tume ya Madini wanataka nini, usiulize ukiwa na katoni mkononi. Msomaji wa Ulaya hajui Nyamisati ni wapi lakini mtu aliyefika anamjua.

Barua ya supavaiza omba mwezi mzima kabla na umpe rasimu ya mistari michache, kwa sababu profesa asiyepewa kitu ataandika "ni mwanafunzi mwenye bidii" na barua kama hiyo haisaidii kitu.

Kwenye makongamano mimi nina msimamo wangu, msikimbilie Vienna kwanza. EGU, mkutano wa jiosayansi wa Ulaya wa kila mwaka pale, ni nzuri lakini ni kubwa mno, mwanafunzi wa kwanza anapotea, na sapoti yao ya safari inaombwa mapema kuliko dedilaini ya kawaida ya abstrakti (muhtasari wa utakachowasilisha), wengi wanashtuka imeshafungwa. Anzeni na ya karibu. Mkutano wa petroli wa Afrika Mashariki, EAPCE, unazunguka nchi za jumuiya, umeshakaa Mombasa 2019, Kampala 2023 na Dar 2025, na pale unaongea na watu wenye data za visima ambazo kwa imeili usingejibiwa. Kuna Colloquium of African Geology pia, na mikutano ya chama cha wanajiolojia nchini kwako ambayo unaenda kwa basi. Ile mikutano ya IAS iombe ukiwa tayari una matokeo ya kuonyesha, na ukienda jitahidi uingie kwenye ziara ya fildi kabla au baada ya mkutano, ni ghali ila siku moja mbele ya mwamba na watu wanaobishana inakufundisha kuliko mihadhara ya siku tatu. Posta printi kwenye kitambaa, inakunjwa kwenye begi na shirika la ndege halikusumbui na lile bomba refu.

Na ulizeni swali hili kabla ya kushangilia, hela inatoka kabla ya safari au baada? Sapoti nyingi za safari zinarudisha ulichotumia, yaani tiketi na viza unanunua mwenyewe kwanza halafu unangoja na risiti zako. Ukiwaandikia kwa upole kwamba huna uwezo wa kutanguliza, wengine wanakubali kukukatia tiketi wao moja kwa moja. Viza ya Schengen unaweza kuiomba miezi sita kabla, na foleni ya apointimenti ndiyo inayokula muda kuliko viza yenyewe, kwahiyo shika nafasi mara tu abstrakti ikikubaliwa.

Mwisho wa habari ni benki. Jina kwenye akaunti lifanane herufi kwa herufi na pasipoti, uliza tawini kwako kama akaunti ya mwanafunzi inapokea fedha za kigeni, chukua SWIFT code, ile namba ya benki ya kupokelea hela ya nje, kwa maandishi. Na dedilaini ya IAS ya Septemba ikikukuta barua ya supavaiza haijaja, usitume nusu nusu, subiri ya Machi.