Mshtarii imejaa haidrojeni, mbona hewani kwetu haipo?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Wanafunzi wangu wameniuliza: kama sayari ya Mshtarii imejaa haidrojeni, radi haiwezi kuilipua? Na kwa nini hewa yetu haina gesi hiyo? Nami naongeza langu: ikiwa haipo hewani, hayo mafuta safi yanayosifiwa kila mahali yanatoka wapi?

JIBU: Mwalimu, nianze na la radi, maana ndilo linalofungua mengine. Mshtarii kuna radi kweli. Chombo cha Voyager 1 kilizinasa mwaka 1979. Kwenye angahewa yake ya juu, karibu molekuli tisa katika kila kumi ni haidrojeni, na zilizobaki karibu zote ni heli. Hailipuki kwa sababu hakuna oksijeni huru ya kuiunguza. Haidrojeni peke yake haiwaki. Hugeuka kuwa mafuta pale inapokutana na oksijeni.

Sasa hewa yetu. Haidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote, na katika joto lilelile chembe nyepesi hukimbia kuliko nzito. Ili kitu kiponyoke mvutano wa Dunia kinahitaji mwendo wa kilomita 11.2 kwa sekunde. Kule juu kabisa, joto linapofikia nyuzi 700 hivi, atomu za haidrojeni huenda kwa wastani wa kilomita 5 tu. Wanafunzi watakwambia haitoshi, na hesabu yao itakuwa sahihi. Waeleze kwamba wastani unazificha zile chache zenye kasi kubwa zaidi. Hizo huponyoka, migongano huzalisha nyingine, nazo huponyoka, kwa mabilioni ya miaka. Hata leo Dunia hupoteza takriban kilo 3 za haidrojeni kila sekunde, na iliyobaki huku chini ni kama sehemu moja katika milioni mbili za hewa. Mshtarii inadai karibu kilomita 60 kwa sekunde, ndiyo maana imeishikilia ya kwake.

Ukipata nafasi wasimulie habari ya Zuhura. Huko miale ya Jua iliyapasua maji, haidrojeni ya kawaida ikatoroka, na ile nzito, deuteri, ikachelewa nyuma. Sasa uwiano wa deuteri Zuhura unazidi wa Dunia zaidi ya mara 100. Kwangu huo ni ushahidi mzito wa maji yaliyopotea.

Haidrojeni iliyobaki kwetu ilinusurika kwa kuwa ilikwisha kushikana na oksijeni: iko baharini, imo kwenye maji. Na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mafuta safi. Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua, kama jivu la kuni. Kuirudisha iwake tena ni lazima ulipie nishati yote iliyotoka, na zaidi. Kupata kilo 1 kwa kupasua maji kwa umeme kunataka maji yasiyopungua lita 9 na uniti 50 hadi 55 za umeme. Kilo hiyo nayo hubeba uniti 33 hivi. Kwa hiyo haidrojeni ni njia ya kuhifadhi na kusafirisha nishati, na usafi wake hutegemea inavyotengenezwa. Nyingi duniani leo hutokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Ya gesi asilia huacha takriban kilo 9 hadi 10 za hewa ya ukaa kwa kila kilo 1. Gari litatoa mvuke mtupu barabarani huku uchafu umebaki kiwandani, na muuzaji asiyekwambia hilo hakutendei haki.

Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani, yaani inayotengenezwa kwa umeme safi, mwaka 2023, ikilenga zaidi kuitumia kutengeneza mbolea. Naona wamelenga vizuri. Kilo 1 ya gesi hii bila kushindiliwa hujaza zaidi ya mita za ujazo 11. Kwenye matangi ya magari hushindiliwa hadi mara 700 ya kanieneo ya hewa. Kiwanda cha mbolea hakina haja ya kuibeba hivyo: huitumia papo hapo inapotengenezwa, kwa umeme wa jotoardhi au wa jua.

Darasani, betri ya volti 9, penseli mbili zilizochongwa pande zote mbili na maji yenye magadi soda kidogo vinatosha kupasua maji. Mapovu yatakuwa mengi zaidi upande hasi. Hayo ndiyo haidrojeni. Usitumie chumvi ya mezani, kwani itatoa klorini, na fungueni madirisha.