Maswali na majibu: kiini cha koili kipimwe kikiwa na mzigo

Kila delestaji, yaani mgao wa umeme, inaporefuka hapa Lubumbashi, barua kuhusu jenereta za kujiundia huongezeka. Safari hii nimechagua zile zinazohusu chuma kinachowekwa katikati ya koili, kwa sababu ndipo fedha nyingi za wasomaji zinapopotelea.

Msomaji wa Kamalondo anauliza: Nimeunda jenereta ndogo ya sumaku. Koili yenye bolti nene katikati inatoa volti 24. Koili hiyo hiyo nikiiwekea vibamba vya transfoma, yaani rundo la vipande vyembamba vya chuma, inatoa 22. Nikiunganisha balbu ya gari, ya bolti inashuka hadi 11, ya vibamba hadi 13. Je, bolti si bora, maana inaanza na volti nyingi?

Si bora, na volti za koili isiyo na mzigo, yaani isiyounganishwa na kifaa kinachotumia umeme, hazikuambii lolote la maana kuhusu kiini. Bolti imekupa 24 kwa sababu imejaza tundu lote la koili, ilhali rundo la vibamba lenye umbo la mraba likiingizwa katika tundu la duara hujaza takribani asilimia 64 tu ya nafasi. Bolti ni chuma kizima: sumaku inapopita mbele yake, mikondo ya umeme huzunguka ndani ya chuma chenyewe, hukipasha moto, na hukaza shafti hata kabla hujaunganisha chochote. Ishike bolti hiyo baada ya robo saa ya kuzunguka bila balbu, halafu uniambie kama bado unaipenda.

Kipimo chako kina kasoro mbili. Kwanza, balbu ya uzi si mzigo wa kupimia, kwa kuwa ukinzani wake ukiwa baridi ni kama sehemu moja ya kumi ya ukinzani wake ikiwaka. Kila volti inapobadilika, mzigo nao umebadilika. Tumia waya wa jiko la umeme, ambao ukinzani wake hauyumbi sana. Pili, na hili ndilo kubwa, hukupima kinachoingia. Mota inayozungusha jenereta yako inakula volti ngapi na ampea ngapi? Andika wati zinazoingia na wati zinazotoka, kwa kasi ile ile, kwa pengo lile lile kati ya sumaku na kiini, kwa koili ile ile, ukibadilisha kiini peke yake. Anza bila mzigo, kisha ongeza mzigo hatua kwa hatua, na usubiri waya upate joto lake la kawaida, kwa sababu shaba ikiongezeka nyuzi 60 ukinzani wake hupanda kwa zaidi ya moja ya tano, nawe utakilaumu kiini kwa kosa la waya.

Lipo jambo ambalo wengi hawalitofautishi. Volti zinazoshuka chini ya mzigo si lazima ziwe zimepotea kama joto. Kiini kizuri huongeza induktansi ya koili, yaani tabia yake ya kupinga mabadiliko ya mkondo, na induktansi hiyo huzuia mkondo, hasa masafa ya umeme (herzi) yanapokuwa juu. Volti hushuka lakini mota haitozwi kitu kwa mshuko huo. Ukinzani wa waya na joto la chuma, kinyume chake, hulipwa na mota kila sekunde. Kwa hiyo kiini kinachoshusha volti zaidi kinaweza kuwa ndicho kinachopoteza nguvu kidogo zaidi, na bila kupima upande wa kuingia hutajua kamwe.

Wasomaji watano, wa mitaa mbalimbali, kwa maneno yanayofanana: Nizungushe waya mara ngapi nipate volti 220?

Swali hili bila vipimo halina jibu, na nimeshalisema. Kwa wimbi la kawaida, volti ni 4.44 mara masafa, mara idadi ya mizunguko, mara wingi wa sumaku unaopita katika kiini. Kiini chenye eneo la sentimita 20 za mraba, kikibeba tesla 1 (kipimo cha ukali wa sumaku) kwa herzi 50, kinahitaji mizunguko kama 495. Badilisha eneo, masafa au chuma, na hesabu inabadilika. Anayeniandikia tena alete namba hizo tatu.

Kijana wa Katuba anauliza: Nimeona video ya jenereta ambayo koili ikiunganishwa ncha kwa ncha, mota inaongeza kasi badala ya kupunguza. Anayeiuza anasema sheria ya Lenz imeshindwa na kwamba tutaachana na SNEL, shirika la umeme. Nichange fedha?

Usichange hata faranga moja, mwanangu. Kinachoonekana kwenye video hiyo kinaweza kuwa cha kweli; maelezo yake ndiyo ya uongo. Koili ikiwa wazi, sumaku huisukuma nguvu yake yote ndani ya kiini, na kama kiini ni bolti au chuma kingine kizima, kinapoteza nguvu nyingi na kuibana mota. Ukiunganisha ncha za koili yenye mizunguko mingi, mkondo unaopita unadhibitiwa na induktansi kuliko ukinzani, nao hujenga sumaku inayopinga ile ya nje, kama sheria aliyoitoa Lenz mwaka 1834 inavyodai. Sumaku ndani ya kiini hupungua, joto la chuma hupungua, na kama upungufu huo ni mkubwa kuliko joto jipya la waya, mota hupumua na kuongeza kasi. Breki imelegezwa kidogo. Hakuna nguvu iliyozaliwa.

Mwombe muuzaji afanye jambo moja mbele yako: akitoe kabisa kiini kwenye koili, aache ncha wazi, kisha apime kasi na ampea za mota. Mota itakimbia zaidi kuliko ilivyokimbia koili ilipounganishwa, na hapo utaona kwamba "nguvu ya bure" ilikuwa sehemu ya hasara iliyowekwa na kiini kibovu. Halafu aweke mzigo wa ukinzani unaochota wati za maana na kupima wati za mota kwa wakati huo huo. Akianza kuzungumzia kapasita za siri, ondoka. Nasikitika kwamba wanaonunua hadithi hizi ni wenye haja ya umeme kuliko wote, na kwamba wauzaji wanalijua hilo vizuri sana.

Swali kutoka Kampemba: Viini vya feraiti (ile kauri nyeusi yenye sumaku) vya televisheni mbovu vinafaa?

Kwa jenereta ya herzi 50 au 200, havifai. Feraiti hushiba sumaku kwenye tesla 0.4 hivi, wakati chuma cha silikoni hupita 1.5, tena feraiti ikipata joto hushiba mapema zaidi, na ikigongwa hupasuka. Iache kwenye masafa ya maelfu ya herzi, ilikozaliwa.

Fundi wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, anauliza achague vipi kati ya vibamba vya milimita 0.5 na 0.35.

Hasara ya mikondo ya ndani hufuata mraba wa unene, hivyo 0.35 huikata karibu nusu. Kwa herzi 50 utaona tofauti ndogo. Kwa jenereta ya jozi 8 za sumaku inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, ambayo ni herzi 200, nunua 0.35.

Mama mwenye duka la samaki wa baridi, Ruashi: Jenereta yangu iliungua, ikafanyiwa bobinaji, yaani ikazungushiwa waya upya. Sasa inapata moto hata friji zikiwa zimezimwa, na inakunywa mafuta kuliko zamani. Fundi anasema ni waya mpya, itazoea.

Mama, waya hauzoei. Mwulize fundi huyo aliutoaje waya wa zamani. Kama aliitia stata, yaani sehemu isiyozunguka yenye koili, kwenye moto wa wazi, na wengine hutumia hata matairi, basi huenda ameunguza ngozi nyembamba inayotenganisha kibamba na kibamba. Vikishagusana, rundo zima linakuwa kama ile bolti ya Kamalondo. Waya wa zamani hulegezwa katika tanuri inayodhibitiwa, chuma kisipite nyuzi 370 hivi, au hukatwa na kuvutwa polepole. Ni kazi ndefu, nami najua kwa nini wanaikwepa, lakini anayelipa mafuta ya kila siku ni mwenye jenereta.

Kabla ya kulipa bobinaji nyingine, dai chuma kipimwe. Rota, sehemu inayozunguka, itolewe, kebo nene izungushwe mara kadhaa kupitia tundu la stata na kurudi kwa nje, ilishwe umeme unaoweza kuongezwa kidogo kidogo mpaka chuma kifikie sumaku yake ya kazi, kisha joto lipimwe meno kwa meno. Sehemu inayozidi nyingine kwa nyuzi 10 hivi ndipo vibamba vimeshikana. Chuma kikiwa salama, basi tafuta mizunguko ya waya iliyogusana. Fundi asiyetaka kufanya kipimo hiki asipewe stata yako.

Swali la mwisho, kutoka Bel-Air: Vibamba vya transfoma kubwa ya zamani vinafaa kwa stata?

Kwa stata, la. Vibamba vya transfoma kubwa kwa kawaida vimeviringishwa kiwandani ili kupitisha sumaku vizuri kwa upande mmoja tu, na katika stata sumaku huzunguka pande zote. Kwa kiini kilichonyooka vinafaa mno, mradi urefu wa kibamba ufuate upande huo. Lakini nakuuliza transfoma hiyo imetoka wapi, maana mtaa mzima hubaki gizani kwa sababu ya vibamba na shaba za mtu mmoja. Hata kama ni yako kwa halali, mafuta ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na PCB, sumu inayokaa mwilini kwa miaka: usiyaguse kwa mikono mitupu, usiyachome, usiyauze kwa wakaanga mandazi, wala usiyamwage karibu na kisima.