Subira yangu inalipwa na sare za shule

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Unajenga wafuasi mtandaoni na video zinafeli moja baada ya nyingine. Subira unaitoa wapi?" Najua wengi watawajibu kwamba subira huvuta heri. Mimi nina ubishi kidogo. Ni fundi cherehani, nafundisha kukata na kushona kupitia YouTube, na nimeona watu wenye subira ya ajabu ambao chaneli zao hazisogei hata kidogo. Wanapakia kitu kilekile kwa namna ileile kila wiki, kisha wanasubiri. Huko ni kukaa tu.

Tuanze na hesabu, maana anayevumilia bila hesabu anajichosha. Tangu 2018 YouTube inataka uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla hujaanza kugawiwa fedha za matangazo. (Siku hizi ipo pia njia ya video fupi, ila inadai zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Tuiache.) Saa 4,000 ni dakika 240,000. Mtazamaji akikaa dakika tatu ndipo aondoke, na kwa somo la kushona dakika tatu si haba, video zako lazima zifunguliwe mara 80,000. Ukishaiona hesabu hiyo hushangai tena kwa nini video yako ya pili imeishia kwa wadogo zako na jirani. Lakini hesabu hiyohiyo ina habari njema: mtu akikaa dakika sita, mzigo umepungua nusu. Ndiyo maana video ikifeli sijiulizi wamekuja wangapi. Najiuliza wameondoka wapi.

Jibu lipo, tena ni la bure. Kwenye programu ya wenye chaneli, YouTube Studio, kila video ina mstari unaoonyesha watazamaji wanavyopungua kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mafundi wenzangu tukifunguliana simu, mistari yetu inafanana: inaporomoka kwenye salamu. "Habari zenu wapendwa wangu, ni matumaini yangu hamjambo, karibuni tena kwenye chaneli yenu pendwa, kama ndiyo mara yako ya kwanza usisahau kusabskraibu, kulaiki na kubonyeza kengele, na leo kama kawaida yetu..." Binti aliyeweka bando la jero apate kuona zipu inavyoshonwa bila kitambaa kukunjamana ameshaenda zake. Megabaiti zinaliwa na hajaiona sindano.

Hapo mtu wa kwetu anapata kigugumizi. Tumelelewa kwamba huingii kwa watu ukaanza shughuli bila kusalimia, na kuna watazamaji watu wazima ambao wangeona umewadharau. Nilichofanya ni kuiweka salamu juu ya kazi. Video inafunguka zipu ikiwa tayari chini ya mguu wa cherehani, nakanyaga, mshono unatembea, huku nawaamkia wakubwa na kuwasalimu wadogo. Mstari ukaacha kuporomoka pale. Hakuna mzee aliyelalamika.

Fundi mwenzangu mmoja alirekodi somo la kukata gauni la solo, somo zuri kabisa, na halikwenda popote. Komenti ilikuwa moja: "Dada, kichwa chako kimeziba rula, hapo begani ni inchi ngapi?" Akataka kulifuta kwa hasira. Nikamwomba aliache, akate gauni lilelile upya, simu akiifunga juu ya meza itazame chini. Kitambaa kile, vipimo vile, hata maneno yale. La pili likatembea. Yule aliyeuliza inchi alimpa zaidi ya wote waliompa dole gumba na kupita.

Kuhusu kuikubali kufeli, nadhani watu wanaogopa kitu ambacho bado hakijawafikia. Fundi akikata kitenge cha mteja vibaya, anakilipa. Video iliyotazamwa na watu kumi na wawili haidaiwi na mtu, na kumi na wawili hao kesho hawaikumbuki. Huo ndio wakati wa kujaribu mwanga wa dirishani, kuongea kwa haraka, kuongea polepole, hata kutoongea kabisa. Ukishapata wafuasi wengi, kila badiliko lina wa kulinung'unikia.

Vijana hupenda kunitajia MrBeast wa Marekani, yule mtengeneza video maarufu wa YouTube. Sawa. Alianza 2012 akiwa na miaka 13, na video iliyomtoa ni ya Januari 2017, amekaa mbele ya kamera akihesabu kuanzia moja hadi 100,000. Wanaosimulia habari hiyo husifia miaka iliyopita hapo katikati. Mwenyewe amesimulia kwamba yeye na wenzake wachache walikuwa wakikaa kila siku kuchambua kwa nini video hii imependwa na ile imekufa. Wengine wananitajia Kili Paul wetu wa mkoa wa Pwani, ambaye mwishoni mwa 2021 alijulikana India nzima kwa kuigiza nyimbo zao na dadake Neema, na Februari 2022 Waziri Mkuu Modi akamtaja redioni. Nafurahi naye. Lakini mlipuko wa namna ile hauna ratiba, huwezi kuupangia bajeti ya bando.

Kwa hiyo mkiniuliza subira naitoa wapi, naitoa kwenye oda. Magauni ya harusi, viraka, kupunguza suruali, na zaidi ya yote sare za shule, ndivyo vinavyolipa umeme na intaneti. Sijawahi kuitegemea chaneli inilishe, ndiyo maana sijaichukia. Waliokopa wakanunua kamera na taa kabla hawajajua kusoma ule mstari, video tatu zikifeli tayari wana deni na kinyongo, na hasira zao huonekana hadi usoni wakirekodi. Anayeniuliza kama aache kazi apate muda wa kurekodi namjibu hapana, bila kuzunguka. Arekodi kazi yenyewe.

Januari watoto wanaporudi shule mimi sipakii kitu. Namba zangu hushuka mwezi huo, nazitazama, na naendelea kupiga pasi mikunjo ya sketi.

Fundi cherehani, Morogoro