Kabla hujaandika "pasi", tazama majani yamefanya nini

Wadogo zangu wa fizikia tiba, nimepitia daftari letu la QA, yaani ukaguzi wa ubora wa mashine ya mionzi. Kila wiki MLC, yale majani membamba ya metali yanayoyapa miale umbo, imeandikwa "pasi", yaani imefaulu. Hakuna namba, hakuna jani lililotajwa, wala gantri, mkono wa mashine unaomzunguka mgonjwa, ilikuwa nyuzi ngapi. Nawapenda, ndiyo maana nasema kwa ukali.

1. Picha ya uzio, ile ya mistari sambamba ambayo majani huichora kwa miale kama fito za uzio, haipigwi gantri ikiwa sifuri tu. Ipigeni na kwenye 90, 180 na 270. Majani yana uzito, na mota iliyochoka hujulikana pale inapolazimika kulipandisha jani.

2. Mistari yote ikihama pamoja, shukuni kwanza EPID, paneli ya mashine inayopiga hiyo picha. Jani moja likiachana na wenzake kwenye kila mstari, tatizo ni la jani hilo.

3. TG-142, mwongozo wa ukaguzi wa mashine wa mwaka 2009, inaruhusu jani likosee hadi milimita 1 kwa mashine ya IMRT, tiba ambayo majani huchonga dozi ifuate umbo la uvimbe. Msijifariji nayo. Kwenye mpango wa tiba ambao majani yanatembea huku miale ikitoka, mwanya wa milimita 10 ukizidi kwa milimita 1, dozi inapanda kwa takriban asilimia 10. Jani lililokuwa na kosa la milimita 0.3 mwezi jana na leo lina 0.7 bado "linapasi", lakini fundi aitwe sasa. Bila namba daftarini, nani atajua linaharibika?

4. Hili ndilo lililonifanya niandike. Wiki hii mmoja wenu alitaka mpango uliorekebishwa upimwe jioni, mgonjwa akishatibiwa, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Nilimzuia, akanuna. Mdogo wangu, sikia.

Machi 2005, hospitali moja ya New York ilikuwa ikimtibu kwa IMRT mgonjwa wa saratani ya ulimi. Tiba ikiwa imeshaanza, daktari akaomba mpango urekebishwe ili meno yapate kinga zaidi. Wakati wa kuhifadhi, kompyuta ikagoma, na maelekezo ya MLC hayakuingia. Mpango ukaonekana mzima, ukaenda kwenye mashine. Siku tatu mfululizo yule baba alilala mezani majani yakiwa wazi kabisa, akapokea dozi mara kadhaa ya aliyoandikiwa, kichwani na shingoni. Skrini ya chumba cha kontroli ilikuwa inaonyesha MLC iko wazi. Waliokuwa pale walikuwa watu wenye mafunzo, wenye kazi nyingi kama sisi. Mpango mpya ulipimwa baada ya kipindi cha tatu, na kipimo kikaonyesha tatizo papo hapo. Kipimo kilekile, kingefanywa kabla ya kipindi cha kwanza, kingemwokoa. Alifariki mwaka 2007.

Kwa hiyo mpango ukiguswa, hata kidogo, unapimwa upya kabla ya mgonjwa kuitwa. Foleni ikilalamika, mimi nitatoka kuzungumza nayo. Na ninyi mafundi wa tiba mnaoendesha mashine, miale ikianza kutoka, angalieni umbo la majani kwenye skrini. Majani yakiwa wazi kabisa kwenye fildi ya IMRT, zimeni, halafu ndiyo mniite.

5. Mota ikibadilishwa, rudieni uzio kabla ya kumpokea mtu yeyote, hata fundi akisema ameshakalibreti.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi tutapiga pembe zote nne pamoja. Njooni na picha za miezi mitatu iliyopita, tuanze kujaza namba zilizokosekana.