Kama Bungie Isingeuzwa

Juma hili mmetuuliza ni mfululizo upi wa michezo ya video ambao tungeibadili historia yake kwa tukio moja tu, na nini kingefuata. Mimi ningeurudia mwezi wa Juni 2000, Microsoft ilipoinunua Bungie, kampuni ya Chicago, pamoja na mchezo wake ambao haujakamilika, Halo.

Wengi wamesahau kwamba Julai 1999 aliyeutambulisha mchezo huo jukwaani, mjini New York, alikuwa Steve Jobs wa Apple, tena kama mchezo wa kompyuta za kampuni yake, Mac. Ulibuniwa kwanza kama mchezo wa mikakati, mchezaji akivitazama vikosi vyake kutoka juu; kisha kamera ikashuka hadi mgongoni mwa askari, na ulipofika sokoni Novemba 2001 pamoja na Xbox, mashine ya michezo ya Microsoft inayounganishwa na runinga, ilikuwa imekwisha kuingia machoni mwake.

Tuseme basi mkataba ule haukutiwa saini. Halo ungetoka kwenye kompyuta, kamera ikiwa bado mgongoni, na ungependwa na walewale waliokuwa wakiupenda Marathon, mchezo wa Bungie wa 1994: watu wachache wenye kumbukumbu ndefu. Ninachodhani kingepotea ni ule wepesi wa kupigana kwa pedi, kile kidude chenye vitufe ambacho mchezaji wa Xbox hukishika mikononi. Mchezaji hubeba silaha mbili tu. Bomu la mkono lina kitufe chake, kwa hiyo hulirusha bila kuiweka bunduki kando. Na ngao yake hujijaza upya akijibanza nyuma ya mwamba kwa muda mfupi. Mwenye baobonye na kipanya angeweza kuishi bila hayo, ila mwenye pedi asingefika mbali.

Mimi mwenyewe niliujulia Halo kwa binamu yangu aliyerudi na Xbox kutoka Uingereza. Tulipambana kwenye runinga moja iliyogawanywa nusu kwa nusu, nami, nakiri, niliibia macho nusu yake ili nijue amejificha wapi, naye akanituhumu kila mara, na kila mara nikakana.

Bungie ilijitenga na Microsoft mwaka 2007, ikaliacha jina la Halo nyuma. Katika historia yangu wangebaki nalo, na huenda mchezo wa mikakati usingesubiri hadi Halo Wars ya 2009, iliyotengenezwa na wengine. Binamu yangu naye angekuwa peke yake mbele ya kompyuta yake, amejificha asikojua mtu.