Barua ya punguzo iliyozuka baada ya tenda kufunguliwa: tafuta rejista kwanza

Ndugu, kwa wale wanaoingia sasa nitarudia kwa ufupi ulichouliza. Tenda ya kaunti ya kukarabati zahanati, bei zikasomwa mbele ya watu, kampuni yenu ikawa ya chini kuliko zote. Wiki hii mmepata barua kwamba hamkufaulu, na mshindi ametajwa kwa bei ambayo hakuna aliyeisikia siku ile, imeteremka hadi chini ya yenu. Ulipouliza ukaambiwa "alikuwa na barua ya punguzo." Sasa unataka kujua kama hilo linaruhusiwa, na kama umwandikie gavana au uende kortini.

Nimeandaa makaratasi ya tenda kwa makampuni madogo ya ujenzi hapa Pwani kwa miaka mingi, na kisa kama chako nimekifikisha hadi Nairobi, kwa hivyo nitajibu kwa urefu.

Punguzo lenyewe si haramu. Hata fomu ya tenda ya serikali huwa na mahali pa kuliandika. Sheria ya Kenya ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015, kifungu cha 76, inamruhusu mzabuni kubadilisha au kuondoa tenda yake, mradi afanye hivyo kwa maandishi, kabla ya saa ya mwisho, na kwa njia ile ile iliyowekwa ya kuwasilisha tenda. Ndiyo maana utaona bahasha nyingine zimeandikwa kwa nje kwamba ni za marekebisho. Saa ikishapita, mlango umefungwa. Kinacholetwa baadaye hurudishwa kwa mwenyewe bila kufunguliwa, awe amechelewa dakika moja au siku nzima. (Jamaa wa Kwale wanaijua vizuri hii. Feri ya Likoni sijawahi kuona ikikubaliwa kama udhuru.)

Sasa njoo kifungu cha 78, ambacho watu wengi hukipuuza kwa sababu kinaonekana kama utaratibu wa makarani tu. Kinasema kila tenda inapofunguliwa, jina la mzabuni na jumla ya bei visomwe kwa sauti, pamoja na marekebisho au punguzo lolote lililopokewa kabla ya saa ya mwisho, na yote yaandikwe kwenye rejista ya kufungua tenda. Kisha kila mjumbe wa kamati atie saini ya kifupi kando ya bei, na kando ya punguzo pia. Halafu kifungu cha 82 kinaifanya bei iliyosomwa siku hiyo kuwa ya mwisho, si ya kurekebishwa na mtu.

Kwa hivyo usibishane nao kama barua ilikuwepo. Watakwambia ilikuwepo, na watakuonyesha yenye tarehe nzuri kabisa ya kabla ya kufunguliwa. Uliza ilisomwa na nani, na iko mstari gani wa rejista. Kifungu hicho hicho cha 78 kinamtaka afisa mhasibu, yaani mkuu wa ofisi iliyotangaza tenda, akupe nakala ya rejista ukiiomba, kwa kuwa wewe ni mmoja wa waliowasilisha tenda. Iombe kesho asubuhi kwa maandishi, na nakala ya barua yako igongwe muhuri wa kupokewa. Wakisita kukupa, kusita kwenyewe ni habari, na barua yenye muhuri itakufaa mbele ya safari.

Kisa chetu kilikuwa hivyo hivyo. Ofisi sitaitaja. Siku ya kufungua nilikaa na daftari, kama kawaida yangu, nikaandika kila bei kama ilivyosomwa, na nikawaomba wawakilishi wengine wawili walinganishe na zao. Hakuna punguzo lililotajwa kwa mtu yeyote. Barua ya matokeo ilipokuja, mshindi alikuwa ameshuka kiasi cha kututosha kutupita kidogo tu. Punguzo linalojua bei ya jirani kwa usahihi namna ile limeandikwa baada ya kusikia, huo ni msimamo wangu, ingawa mbele ya Bodi hatukuhitaji kuthibitisha nani aliandika lini. Tulisema tu: halikusomwa, halimo kwenye rejista, basi lisihesabiwe.

Bodi ninayosema ni Bodi ya Rufaa ya Ununuzi wa Umma, si korti. Hapo ndipo pa kuanzia. Una siku 14 tangu kuarifiwa matokeo, au tangu kosa lenyewe kutokea, na hapo kwenye "kosa kutokea" pana mtego. Kama mwakilishi wenu aliona kitu siku ya kufungua akanyamaza, wakili wa upande wa pili atadai kwamba siku zenu zilianza pale na zimekwisha. Wewe umelijua kwa barua ya matokeo, hivyo hesabu tangu barua hiyo na uihifadhi na ushahidi wa siku uliyoipokea.

Kwa gavana andika ukipenda, ila barua hiyo haisimamishi hata siku moja. Siku 14 hizo hizo ndizo ambazo hawaruhusiwi kutia saini mkataba. Zikiisha na mkataba ukatiwa saini kihalali, Bodi haina tena mamlaka juu ya jambo lako. Nimeona watu wakizimaliza kwa kuzungushwa, "njoo Jumatatu, bosi yuko semina," hadi mwenzao yuko saiti anamwaga kokoto. Ukiwasilisha ombi na afisa mhasibu akaarifiwa, shughuli yote inasimama, na Bodi inatakiwa iamue ndani ya siku 21. Asiyeridhika ana siku 14 nyingine za kwenda Mahakama Kuu.

Jambo ambalo mawakili wa mara ya kwanza hukosea: hutapewa tenda ya mshindani uisome, ni siri. Lakini Bodi hupelekewa faili lote. Basi usiandike malalamiko ya jumla ya ufisadi na upendeleo. Andika kwamba unaiomba Bodi ifungue tenda halisi ya mshindi iangalie kama barua ya punguzo ina saini za kamati, na iilinganishe na rejista na kumbukumbu za kikao. Kwetu, barua ilikuwa safi, haina alama ya kalamu hata moja, na bei ya kwenye fomu ina saini zote. Wakili wa ofisi alisema kamati ilisahau. Bodi ikafuta ushindi, ikaamuru tathmini irudiwe kwa bei zilizosomwa.

Jiandae pia kwa mlango wa pili ambao huenda wakaupitia: "tuliomba ufafanuzi." Kifungu cha 81 kinaruhusu kumwomba mzabuni ufafanuzi kwa maandishi, lakini majibu yake hayawezi kubadilisha kiini cha tenda. Kueleza aina ya bati aliyokusudia ni ufafanuzi. Kuteremsha bei ni tenda mpya.

Nisikudanganye kuhusu faida yake. Kuna ada ya kuwasilisha ombi, kuna wakili, na tathmini mpya huenda ikakukataa kwa sababu nyingine kabisa, kwa hivyo pitia kwanza hati zenu, cheti cha NCA (Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi) na cha kodi, kama zilikuwa sawa siku ya kufunga. Sisi kazi tuliipata. Lakini Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha wa serikali, ilikuwa imepita, bajeti ikawa ya mwaka mpya, na saruji na chuma vilikuwa vimepanda. Bei ya mkataba nayo hairuhusiwi kuongezwa ndani ya miezi 12 ya mwanzo, kwa hivyo tulijenga kwa bei ile ile tuliyoipigania. Mkurugenzi wetu bado ananuna ukimtajia kazi ile.

Ukipata rejista, ficha majina ya makampuni uiweke hapa, tuisome pamoja. Na sema barua ya matokeo uliipokea tarehe ngapi, maana hukuitaja.